Maswali ya Wasomaji: Brekipointi za Maunzi Ndani ya Kerneli

Katika toleo hili tumeweka pamoja maswali yanayohusu brekipointi za maunzi ndani ya kerneli, yaani sehemu ya mfumo endeshi inayotawala maunzi yote. Brekipointi ya namna hii ni mtego unaotegwa juu ya anwani ya kumbukumbu kwa kutumia rejista maalumu za kichakataji, bila kuugusa msimbo wenyewe. Msimbo ukifika pale, au data ile ikiandikwa, kichakataji husimamisha kazi na kuiita kerneli. Kwa anayewinda hitilafu ngumu hiki ni chombo kisicho na mbadala. Tatizo ni kwamba ndani ya kerneli anayenaswa na anayekuja kuukagua mtego mara nyingi ni yule yule, na karibu maswali yote tuliyopokea yanatokana na hilo.

Swali: Ninaandika kiendeshi cha kadi ya mtandao katika Linux. Kigeu kimoja kinachohesabu pakiti hubadilika bila sababu ninayoiona. Niliandika moduli ndogo inayoweka anwani ya kigeu hicho katika rejista ya DR0 na kuwasha mtego kupitia DR7. Mara chache mtego hunasa, mara nyingi haunasi, na nikiijaribu katika mashine pepe, mashine huganda kabisa. Nimekosea wapi?

Jibu: Kosa la kwanza ni kudhani kwamba DR0 ni moja. Katika vichakataji vya x86, ambavyo vimekuwa na rejista hizi tangu 80386 ya mwaka 1985, kila kiini cha kichakataji kina seti yake: DR0 hadi DR3 hubeba anwani nne, DR6 hueleza kilichotokea, na DR7 huwasha na kuzima. Moduli yako iliandika katika kiini kilichokuwa kikiiendesha wakati ule, basi. Viini vingine havikuwa na habari, na msimbo unaoharibu kigeu chako ulipopitia huko ulipita bila kuulizwa.

Kosa la pili ni zito zaidi, nalo ndilo ninalolishuku kwa huko kuganda. Tangu toleo la 2.6.33, lililotoka mwaka 2010, rejista hizi katika Linux zina mwenyewe: ni tabaka la pamoja lililojengwa juu ya perf, mfumo wa Linux wa kupima utendaji, ambalo hugawa nafasi nne zilizopo kwa wote wanaozihitaji, wakiwemo vitatuzi vya programu za kawaida na moduli za kerneli. Tabaka hilo hutunza, kwa kila kiini, nakala ya DR7 katika kigeu kiitwacho cpu_dr7. Mitego ya uzi fulani inapowekwa au kuondolewa wakati wa kubadilishana zamu, DR7 huandikwa upya kutokana na nakala hiyo, na ulichokiandika kwa mkono kinafutika. Hapo ndipo mtego wako unapopotelea.

Sasa tazama kinachotokea mtego ukibaki. Kerneli inapoingia katika katizo la utatuzi, yaani ishara ambayo kichakataji huiita nayo mtego unaponasa, au katika katizo lisilozuilika (NMI), huzima DR7 kwanza ili isinaswe ikiwa kazini. Ikiwa inaendeshwa ndani ya mashine pepe, ambako kusoma DR7 halisi kunaweza kugharimu safari ya kwenda kwa msimamizi wa mashine pepe na kurudi, hutazama kwanza nakala ya cpu_dr7; ikiiona ni sifuri huamini kwamba hakuna mtego wowote, na haizimi kitu. Wewe uliwasha DR7 bila kuigusa nakala. Kwa maneno mengine, uliidanganya kerneli mahali pale inapohitaji ukweli kuliko popote.

Tabaka lenyewe ni makini mno katika jambo hili, na mpangilio wake unastahili kutazamwa kwa karibu. Linapotega, huandika anwani katika DR0 hadi DR3, kisha huandika cpu_dr7, na mwisho kabisa DR7 halisi. Linapotegua, hugeuza mfuatano: DR7 halisi huzimwa kwanza, nakala hufuata. Kwa mpangilio huo, hata katizo lisilozuilika likiingia katikati ya hatua hizo, haliwezi kukuta nakala inasema hakuna mtego ilhali mtego umewashwa. Linaweza kukuta kinyume chake, na kinyume chake hakidhuru.

Kwa hiyo acha kuandika rejista kwa mkono, utumie register_wide_hw_breakpoint. Unatayarisha muundo wa sifa kwa hw_breakpoint_init, halafu unajaza anwani katika bp_addr, urefu katika bp_len na aina katika bp_type. Kwa kigeu cha baiti nne unachotaka kujua kinapoandikwa, thamani hizo ni HW_BREAKPOINT_LEN_4 na HW_BREAKPOINT_W. Kagua kinachorudishwa, kwa maana nafasi zikijaa utapewa kosa la ENOSPC, na anwani isiyogawanyika kwa urefu uliotaja itakataliwa. Funksheni hii inaweza kulala, hivyo usiiite ukiwa ndani ya katizo au ukiwa umeshika kufuli. Nayo hutega katika viini vilivyo hai wakati huo tu. Kiini kitakachowashwa baadaye hakitakuwa na mtego. Usisahau kuita unregister_wide_hw_breakpoint kabla ya moduli kuondolewa.

Ukishafanya yote hayo na kigeu kikaendelea kubadilika bila mtego kunasa, usiulaumu mtego. Rejista hizi hulinganisha anwani pepe inayotumiwa na kichakataji. Ukurasa ule ule wa kumbukumbu ukiandikwa kupitia anwani pepe nyingine, na kerneli ya Linux huwa na ramani ya moja kwa moja ya kumbukumbu pamoja na ramani nyinginezo, mtego hautaona kitu. Vilevile hautaona data iliyoandikwa na kadi ya mtandao yenyewe moja kwa moja kwenye kumbukumbu bila kupitia kichakataji. Kwa kiendeshi cha mtandao, ukimya wa mtego kwangu ungekuwa ushahidi wa kwanza kwamba kadi imepewa anwani isiyo sahihi ya bafa, na ningehamia kuchunguza bafa hizo mara moja.

Swali: Kipokezi changu, yaani funksheni inayoitwa mtego unaponasa, huandika ujumbe kwa printk, hufunga kufuli ili kuhifadhi kumbukumbu za tukio, kisha hutegua mtego wenyewe. Mwenzangu anasema hatua zote tatu ni hatari. Je, ni kweli?

Jibu: Mwenzako yuko sahihi kwa mbili na nusu.

Nusu ni ya printk. Katika Linux ya sasa printk imeandaliwa kuitwa hata katika mazingira magumu, kwa hiyo haitakuua papo hapo. Lakini kigeu kinachoandikwa mara maelfu kwa sekunde kitaijaza konsoli ujumbe hadi mashine ionekane imekufa. Kama ni lazima, weka kikomo cha idadi ya ujumbe.

Kufuli ni jambo lisilo na mjadala. Mtego wa data unaweza kunasa popote kigeu kinapoguswa, ikiwemo ndani ya msimbo ambao tayari umeshika kufuli lile lile unalotaka kulifunga. Kipokezi kitalisubiri kufuli, na mwenye kufuli hawezi kuliachia kwa sababu anasubiri kipokezi kimalize. Kuzima makatizo hakusaidii chochote, kwa kuwa katizo la utatuzi halitii kizuizi hicho. Ndiyo maana tangu Linux 5.8 ya mwaka 2020 katizo la utatuzi linalotokea ndani ya kerneli huchukuliwa kwa masharti yale yale ya katizo lisilozuilika: hakuna kulala, hakuna kufuli linalotumiwa kwingineko, hakuna kuomba kumbukumbu mpya. Andika tukio katika bafa ya kiini husika iliyotayarishwa mapema, kisha iachie kazi ya baadaye, kwa mfano kupitia irq_work, iisome na kuipeleka panapotakiwa.

Kuhusu kutegua mtego ndani ya kipokezi, kumbuka kwamba kerneli iliizima DR7 ilipoingia na kuhifadhi thamani yake ya awali, na kwamba wakati wa kutoka itairudisha thamani ile ile. Ukibadilisha DR7 katikati, nakala ya zamani inayorudishwa inaweza kuufufua mtego uliodhani umeuondoa. Weka alama tu kwamba mtego hauhitajiki tena, na kazi ya kuutegua ifanywe nje.

Kwa kuwa umefika kwenye kipokezi, yapo mengine ambayo vitabu vingi huyapita haraka. Kichakataji huweka biti katika DR6 lakini hakiahidi kuzifuta. Asiyezifuta atasoma tukio la jana akidhani ni la leo. Tena kufuta DR6 si kuandika sifuri: baadhi ya biti zake huwa na maana ikiwa sifuri, na thamani ya kuirudisha katika hali ya kawaida ni 0xFFFF0FF0. Biti nne za chini, zinazotaja mtego upi umenasa, zinaweza kuwaka hata kwa mtego ambao haujawashwa katika DR7, hivyo zilinganishwe na DR7 iliyohifadhiwa kabla ya kuaminiwa.

Mtego wa data na mtego wa agizo nao hutofautiana kwa wakati. Katika x86 mtego wa data hunasa baada ya kuandika kukamilika, na anwani ya agizo utakayoiona ni ya agizo linalofuata, si la aliyeandika. Anayetaka kujua thamani ya zamani lazima awe ameinakili mapema. Mtego wa agizo hunasa kabla ya agizo kutekelezwa. Ukirudi bila kufanya lolote, agizo lile lile litanasa tena, na tena. Dawa yake ni biti ya 16 ya rejista ya bendera, iitwayo RF, ambayo kipokezi huiwasha katika bendera zilizohifadhiwa kwenye staki ili agizo moja lipite bila kukaguliwa. Kwa makosa mengine mengi kichakataji huiwasha chenyewe katika nakala hiyo, ila kwa mtego wa agizo huwa hakiiwashi.

Swali: Ninajenga kerneli yangu mwenyewe ya x86 ya biti 64 kwa ajili ya kujifunza. Ninataka kuruhusu programu za kawaida zitege mitego kupitia kitatuzi, na kerneli nayo iweze kujitegea. Ni anwani zipi nizikatae?

Jibu: Kwa programu za kawaida kanuni ni nyepesi kuitaja na rahisi kuikosea: baiti ya kwanza na baiti ya mwisho ya eneo linalotegwa lazima zote ziwe ndani ya eneo la mtumiaji, na jumlisho la anwani na urefu lisifurike likarudi sifuri. Mchakato mpya unapozaliwa, mitego ya mzazi isirithiwe kimyakimya. Na mchakato unapobadilisha programu inayoendeshwa, mitego ya zamani ifutwe, la sivyo programu yenye mamlaka makubwa itaanza maisha ikiwa na mitego iliyotegwa na mtu asiyeaminika. Halafu usidhani kwamba mtego wa mtumiaji utanasa katika hali ya mtumiaji pekee. Kerneli inaponakili data kutoka bafa ya mtumiaji hugusa anwani ile ile, na mtego hunasa ukiwa ndani ya kerneli. Usiuchukulie kama hitilafu ya kerneli. Weka alama kwenye uzi na umjulishe mtumiaji atakaporudi upande wake, au uupuuze, lakini uamuzi uwe wako.

Kwa upande wa kerneli, fikiria dakika ile mtego unaponasa. Kichakataji hubadilisha staki, huandika fremu na kuruka kwenye msimbo wa kuingilia. Tangu hapo hadi utakapozima DR7 kuna maagizo kadhaa ambamo mitego yote bado iko wazi. Kichakataji hakikuzimii. Ukitumia staki maalumu ya IST (ile ambayo kichakataji huianza juu kabisa kila katizo linapoingia) kwa katizo la utatuzi, kama inavyopasa, mtego wa pili ndani ya dirisha hilo utaanza tena juu kabisa ya staki ile ile na kuifuta fremu ya kwanza, wala hutakuwa na pa kurudi. Kwa hiyo kila kitu kinachoguswa ndani ya dirisha hilo ni lazima kikataliwe: msimbo wa kuingilia, staki zake, jedwali la GDT linaloeleza sehemu za kumbukumbu, TSS inayohifadhi anwani za staki, na vigeu unavyovisoma ili kufikia data ya kiini husika. Linux hufanya hivyo hivyo, na katika orodha yake ya data isiyotegeka imo hata cpu_dr7 niliyoitaja katika jibu la kwanza. Mitego ya agizo nayo huikataa katika funksheni zote ambazo zimepigwa marufuku kwa kprobes, chombo cha kuchomeka vichunguzi ndani ya msimbo wa kerneli.

Katizo lisilozuilika lina uchungu wake. Likiwa kazini, kichakataji huzuia jingine la aina yake hadi agizo la IRET, la kurudi kutoka katika katizo, litekelezwe. Mtego ukinasa ndani yake, IRET ya kipokezi cha utatuzi ndiyo itakayofungua mlango huo, mapema kuliko inavyotakiwa, na katizo jingine litaingia juu ya la kwanza. Zima DR7 mwanzoni mwa katizo hilo pia.

Kisa cha MOV SS, agizo linalobadilisha rejista ya SS inayotaja sehemu ya staki, nacho ukisome kabla hujaandika mstari wowote. Agizo hilo likisoma kumbukumbu iliyotegwa, katizo la utatuzi huahirishwa hadi agizo linalofuata likamilike, kwa sababu SS na kielekezi cha staki vilikusudiwa kubadilishwa pamoja. Mtumiaji akifuatisha hapo hapo agizo la SYSCALL, la kuingia ndani ya kerneli, katizo litatokea mwanzoni kabisa mwa msimbo wa kerneli, kukiwa na mamlaka ya kerneli lakini staki na GS, rejista ambayo kerneli hufikia kwayo data ya kiini husika, bado ni za mtumiaji. Tarehe 8 Mei 2018 kasoro hii ilitangazwa kwa namba CVE-2018-8897, na ilibainika kwamba Windows, Linux, macOS na FreeBSD zote ziliathirika kwa viwango tofauti. Katika baadhi iliweza kuiangusha mashine, katika nyingine ilifungua njia ya kupata mamlaka ya juu. Maana yake kwako ni kwamba kipokezi cha utatuzi kisiamini GS kwa kutazama tu kwamba kilinaswa ndani ya kerneli. Kiichunguze yenyewe.

Bado kuna kutegua. Unapoondoa mtego kutoka viini vyote, tuma katizo kwa kila kiini, kizime sehemu yake ya DR7, kisha usubiri jibu kabla ya kuachia kumbukumbu ya mtego huo. Ikiwa kipokezi chako huendeshwa makatizo ya kawaida yakiwa yamezuiwa, jibu la kiini ni uthibitisho kwamba hakuna kipokezi kilichobaki katikati ya kazi huko. Nimeona kerneli za kujifunzia zinazozima kiini kimoja na kuachia kumbukumbu papo hapo. Huonekana kufanya kazi vizuri hadi siku ya msongamano.

Swali: Nimehamishia msimbo wangu kwenye ARM ya biti 64. Mtego wa data ukinasa mara moja, hunasa bila kukoma mahali pale pale. Kwa nini?

Jibu: Kwa sababu ARM hunasa kabla ya kumbukumbu kuguswa, tofauti na x86. Ukirudi, agizo hujaribu upya na kunasa upya. Unapaswa kuzima mtego, kuwasha utekelezaji wa hatua moja kupitia rejista za MDSCR_EL1 na SPSR, kuacha agizo moja lipite, kisha kuwasha mtego tena katizo la hatua linapofika. Kwa muda mrefu Linux imekuwa ikiifanya kazi hii yenyewe pale tu aliyetega hakuleta kipokezi chake. Ukileta chako, mzigo unakuwa wako. Katika dirisha hilo kiini chako hakina mtego, kwa hiyo zuia makatizo ya kawaida, vinginevyo utaruka ndani ya katizo na kupiga hatua katika msimbo usiokuhusu.

Jihadhari hasa na vigeu vinavyobadilishwa kwa jozi ya maagizo ya LDXR (kusoma na kuweka alama ya umiliki) na STXR (kuandika ikiwa alama bado ipo), kama kufuli nyingi za zamani. Kila kurudi kutoka katika katizo hufuta alama ya umiliki iliyowekwa na LDXR, STXR inashindwa, mzunguko unaanza tena, mtego unanasa tena. Hakuna kilichoharibika na hakuna kinachosonga mbele. Maagizo ya atomiki yaliyoongezwa katika ARMv8.1 hayana tatizo hilo kwa kuwa kila moja hukamilisha kazi peke yake.

Idadi ya mitego usiikariri: isome katika rejista ya ID_AA64DFR0_EL1, ukikumbuka kwamba thamani iliyoandikwa humo ni idadi halisi ukitoa moja.

Swali: Je, mashine pepe inatosha kwa majaribio haya?

Jibu: Kwa sehemu kubwa, ndiyo, na ni salama kuliko kuanza na mashine unayoitegemea. Ila usitumie kwa wakati mmoja mitego ya maunzi ya kitatuzi cha GDB kutoka nje na mitego ya kerneli iliyo ndani. Chini ya KVM, msimamizi wa mashine pepe wa Linux, kitatuzi cha nje kikitega kwa maunzi, mipangilio yake ndiyo inayotumika badala ya ile ya mgeni, yaani kerneli iliyo ndani ya mashine pepe, na utakaa ukitafuta kasoro katika msimbo ambao haukupewa hata nafasi ya kujaribu.